"Mapacha, Wote Wazima": Kisa cha mimba iliyoandikwa vibaya kwenye kadi

Kwa nini kisa hiki

Hakuna aliyekufa hapa, na ndiyo sababu nimekiandika. Mama akifia leba, au kichanga akifariki, tuna utaratibu: kikao kinaitwa, faili linafunguliwa, kila hatua inapitiwa. Mama na watoto wakinusurika tunasema alhamdulillahi, tunaandika "ameruhusiwa", faili linakwenda masijala. Makosa yaliyomfikisha ukingoni yanabaki palepale yakimsubiri mwenzake.

Kadiri vifo vinavyopungua, ndivyo nusura zinavyozidi kuwa darasa letu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Vifo vya vichanga vimeshuka polepole zaidi: 24 kati ya kila 1,000 hufariki kabla ya kutimiza mwezi. Mapacha wana sehemu yao kubwa katika hao 24, kwa kuwa zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki 37.

Nilikuwa mkunga wa zamu wodini mama huyu alipopokelewa, na baadaye nilikaa na wenzangu kulipitia faili lake. Majina ya watu na vituo nimeyaondoa, na mambo madogo yasiyogusa matibabu nimeyabadilisha. Yeye na mumewe wameridhia.

Mama na mimba yake

Ni mama wa miaka thelathini na kitu, anakaa pembezoni mwa Dar es Salaam, anauza vitumbua alfajiri na kupumzika mchana. Mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilikwenda vizuri, alijifungua kawaida. Upande wa mama yake kuna mapacha. Hilo hakuna aliyemuuliza kliniki, na yeye hakuona sababu ya kulitaja.

Tarehe ya hedhi yake ya mwisho aliijua kama anavyojua jina lake. Iliingia zikiwa zimebaki siku mbili za Ramadhani. Siku hizo mbili hakufunga, akazilipa baadaye, akawa na hesabu isiyopotea. Naomba msomaji aishike tarehe hiyo, maana ndiyo iliyokuja kuwaokoa watoto.

Alianza kliniki wiki ya 17. Alipimwa vipimo vya kawaida, akapewa SP ya kuzuia malaria na vidonge vya kuongeza damu. Altrasaundi hapo kituoni hakuna. Aliambiwa "utapiga huko nje ukipata nafasi". Nafasi maana yake hela, na hela ya mwezi ule ilikuwa ya ada ya mtoto mkubwa.

Ilivyokwenda

Wiki ya 24 alirudi. Mkanda wa kupimia ukasoma sentimita 29 kutoka kinena hadi juu ya mfuko wa uzazi. Kuanzia umri huo, sentimita na wiki hukaribiana, tofauti ikiwa mbili juu au chini. Tano ni nyingi. Nesi akashangaa.

"Mama, tarehe zako una uhakika nazo?"

"Nina uhakika, sista. Nazihesabu kwa Ramadhani."

Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nesi akakata 24 kwa kalamu, akaandika 29 juu yake, akamkumbusha habari ya altrasaundi. Basi. Mkanda ulikuwa umesema kweli na mama alikuwa amesema kweli. Kilichokosewa ni kudhani kwamba mmoja wao lazima awe mwongo. Tumbo linalokimbia tarehe linaweza kuwa na mapacha, maji mengi, uvimbe, au mtoto mkubwa. Tarehe mbaya ni jibu mojawapo tu, nalo hupendwa kwa sababu halina kazi ya ziada.

Wiki mbili baadaye alipiga altrasaundi kwenye kituo cha vipimo mtaani. Karatasi ilikuwa fupi: "Mapacha. Wote wazima. Mapigo ya moyo yapo. Umri wa mimba wiki 26." Umri uliafikiana sawasawa na hesabu ya Ramadhani. Kuhusu kondo la nyuma, kama ni moja au mawili, hakukuandikwa neno.

Wiki ya 28 aliipeleka karatasi kliniki. Nesi mwingine akaandika MAPACHA kwa wino mwekundu, akamweleza ajifungulie hospitali kubwa, akampongeza. Namba ya umri kwenye kadi haikuguswa. Kadi ilikuwa inasema wiki 33. Wingi wa damu ulikuwa 9.6, presha 118/76.

Wiki ya 30, miguu imevimba na presha ni 132/86. Fito za kupimia protini kwenye mkojo zilikuwa zimekwisha. Akaambiwa arudi baada ya wiki mbili.

Hakuzifikisha. Siku tisa baadaye kichwa kilianza kumgonga tangu mchana, jioni akawa anaona nyota machoni. Mama mkwe alimtuliza: "Mwanangu, mapacha ndivyo walivyo, wanabana." Nisingemlaumu bibi huyu. Hata sisi tuliompima tulikuwa tunajisemea hivyohivyo kuhusu ile miguu. Mumewe aliporudi na bajaji yake usiku alimtazama mara moja, akageuza chombo.

Saa tatu kasoro usiku walikuwa kituo cha afya. Presha 168/114. Fito moja ilipatikana kwenye droo: protini alama tatu.

Uamuzi wa kwanza: kumtibu kabla ya kumsafirisha

Tabibu wa zamu alikuwa kijana, peke yake na mkunga mmoja. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda na mgonjwa mwingine. Wangeweza kumpakia kwenye bajaji ileile waondokane na hatari. Hawakufanya hivyo. Walimchoma magnesiamu salfeti gramu 4 polepole kwenye mshipa na gramu 10 kwenye makalio, tano kila upande, wakampa nifedipini ya kumeza ya kushusha presha na kumwekea mpira wa mkojo. Kifafa cha mimba kikimkuta mama njiani, ndani ya bajaji, pale Mandela Road au popote, hakuna wa kumsaidia. Dozi ya kwanza ya magnesiamu kabla ya safari ndiyo iliyoifanya rufaa hii iwe rufaa. Bila hiyo ingekuwa kusukumiana mzigo.

Uamuzi wa pili: wiki 36 au 31?

Hapa ndipo kisa kilipokuwa kinaning'inia kwenye uzi. Kadi ilisoma wiki 36. Kwa umri huo hakuna sababu ya kutoa deksamethasoni, sindano ya kuharakisha mapafu ya mtoto kukomaa. Kwa mwongozo tunaoufuata, sindano hiyo ni ya mimba ambayo haijavuka wiki 34. Mkunga alikuwa ameshaandika "36" kwenye fomu ya rufaa.

Tabibu aliona ule mkato wa kalamu. Akauliza kwa nini namba imebadilishwa, mkunga hakujua. Akamgeukia mama mwenyewe, ambaye kwa maumivu ya kichwa alikuwa amefumba macho, akasimuliwa habari ya siku mbili zisizofungwa. Mume akakumbuka karatasi ya altrasaundi iko kwenye mkoba, imekunjwa ndani ya kadi ya bima ya mtoto mkubwa. Wiki 26 siku ile. Wakahesabu mbele kwa kalenda ya simu. Thelathini na moja na siku mbili.

Tabibu alipiga simu hospitali ya rufaa, akashauriana na daktari wa zamu. Masharti yalikuwepo: umri unajulikana, mama hana dalili ya maambukizi, anakokwenda kuna huduma ya vichanga njiti. Saa nne kasoro robo alichomwa miligramu 6 za kwanza. Gari lilirudi, likaondoka naye saa tano kasoro robo. Usiku barabara ni nyeupe, kabla ya saa sita alikuwa kwetu. Angetoka saa kumi na moja jioni, na foleni ya Dar, hadithi ingekuwa nyingine.

Uamuzi wa tatu: kusubiri

Wodini hatukukubaliana. Mmoja wa madaktari alitaka mama apasuliwe usiku uleule: tiba ya presha ya mimba ni kumzalisha mama. Daktari bingwa aliona presha imeshuka hadi 148/96, hakuna degedege, figo na ini vinafanya kazi, chembe sahani, zile zinazogandisha damu, 142,000. Akasema tununue saa 48, zikipatikana, dozi nne za deksamethasoni zitimie. Masharti yake yakabandikwa ukutani juu ya kitanda: presha kila baada ya dakika thelathini, mkojo kila saa, damu kila baada ya saa kumi na mbili, na kichwa kikirudi au chembe ya moyo ikiuma, aitwe bila kujali saa ngapi.

Asubuhi yake altrasaundi yetu ilisema jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi yoyote. Kondo lilikuwa moja, na utando uliowatenganisha watoto mwembamba kama karatasi ya sigara. Wa kwanza alikadiriwa kilo 1.6, ametanguliza matako. Wa pili kilo 1.2. Maji yao yalikuwa sawa, kwa hiyo haikuwa ile hali ya pacha mmoja kummiminia mwenzake damu kupitia kondo la pamoja. Tofauti ya uzito, hata hivyo, ilikuwa karibu robo nzima.

Dozi ya nne ilitimia siku ya pili asubuhi. Saa tatu baadaye chembe ya moyo ilianza kumuuma, presha ikapanda 172/116, chembe sahani zikashuka hadi 88,000. Alikwenda upasuaji. Mtaalamu wa usingizi aliamua kwamba 88,000 bado zinaruhusu ganzi ya mgongoni, akaifanya haraka kabla hazijashuka zaidi.

(Kwa wanaouliza kama mapacha lazima wapasuliwe: hapana. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2013, wa mapacha ambao wa kwanza ametanguliza kichwa, haukuona faida ya kupanga upasuaji badala ya uzazi wa kawaida. Huyu alikuwa ametanguliza matako, na ugonjwa ulikuwa unakimbia.)

Watoto, na dakika ishirini tulizozipoteza

Walizaliwa mabinti wawili. Wodini tuliwaita Kulwa na Doto, kama inavyoitwa nusu ya mapacha wa nchi hii. Kulwa gramu 1,580, alilia mwenyewe. Doto gramu 1,190, alihitaji kupuliziwa hewa kwa dakika moja na nusu.

Mfuko wa uzazi uliotanuliwa na mapacha ni mvivu kujikaza. Mama alipoteza damu kama mililita 1,100. Oksitosini ya kukaza mfuko, kisha asidi ya traneksamiki gramu 1 ya kuzuia damu kutoka, kisha chupa mbili za damu. Mikono yote iligeukia kwake, na ilistahili. Ila meza ya joto chumbani ilikuwa moja. Kulwa alikuwa juu yake. Doto alifungwa kwenye khanga iliyokuwa imeshalowa, akapakatwa, akasubiri wa kumpeleka. Dakika ishirini. Alipofika wodi ya njiti joto lake lilikuwa limeshuka hadi 35.1 na sukari hadi 1.9. Tulijua tangu alipopokelewa kwamba ni wawili, tukaandaa vifaa vya mtoto mmoja na nusu.

Doto alipewa dekstrozi, yaani maji ya sukari, kwenye mshipa, akawekwa kwenye sipapu, mashine ya kusukuma hewa kupitia puani, siku tatu. Na kangaroo, kumfunga mtoto kifuani ngozi kwa ngozi? Mama alikuwa chumba cha uangalizi na magnesiamu inaendelea hadi saa 24 baada ya kujifungua. Zamani tungesubiri. Lakini mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, na Muhimbili ikiwa mojawapo ya hospitali zake: watoto wa kati ya kilo 1 na 1.8 walioanza kangaroo mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri watulie kwanza, vifo vyao vilipungua kwa robo. Mama asipoweza, ndugu anashika zamu.

Mama mdogo wa watoto alimfunga Kulwa kifuani saa tano baada ya kuzaliwa. Doto alianza kesho yake, mpira wa sipapu ukiwa puani. Kwa zamu ya usiku akajitokeza baba. Muuguzi mmoja alikataa: wodi ya akina mama, mwanamume kifua wazi, haiwezekani. Tulibishana kama robo saa. Mwishowe tuliweka pazia kona ya dirishani, baba akakaa na Doto hadi alfajiri, bajaji imeegeshwa nje. Siku tatu mfululizo. Bibi alikuja kutazama, akacheka hadi akatoa machozi, siku ya nne akaomba na yeye afundishwe kufunga.

Maziwa ya kwanza mama aliyakamua akiwa bado kitandani kwake. Matone machache kwenye kikombe, tukayapitisha kwenye mpira.

Matokeo

Siku ya nane Doto alianza kusahau kupumua, joto likashuka, tumbo likavimba. Ilikuwa maambukizi. Maziwa yalisimamishwa kwa muda, akapewa antibayotiki siku kumi. Uzito ulishuka hadi gramu 1,040. Siku zile sitaki kuzieleza sana.

Siku ya 18 Kulwa alikuwa na 1,790, ananyonya vizuri. Wodi ilikuwa imejaa, na tulishinikizwa tumruhusu mama na Kulwa, awe anamfuata Doto mchana. Tulikataa. Mama anayekaa pembezoni, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na kidonda cha upasuaji, maziwa yake yangekauka ndani ya wiki. Tulimwomba alale na watoto wote wawili kitanda kimoja, mmoja kulia mmoja kushoto, khanga mbili zimepishana. Alifanya hivyo siku 19.

Walitoka siku ya 37, Kulwa 2,310 na Doto 1,730. Kwenye hudhurio la wiki ya sita presha ya mama bado ilikuwa 142/92, akaongezewa dawa. Hapohapo ndipo tulipogundua kwamba Doto, mtoto wa chini ya gramu 1,500 aliyekaa kwenye oksijeni, hakuwa amepimwa macho. Kipimo hicho hutakiwa kufanyika karibu na wiki ya nne, alipokuwa bado mikononi mwetu. Kilifanyika wiki ya saba. Macho ni mazima.

Uchambuzi

Kosa lililozaa mengine ni ile 29. Namba moja kwenye kadi ilifanya mambo mawili: ilizima swali la mapacha kwa wiki mbili, na ilimzeesha mtoto kwa wiki tano kiasi kwamba nusura akose deksamethasoni. Tarehe haibadilishwi kwa mkanda. Ikitiliwa shaka, inaandikwa "tumbo kubwa kuliko tarehe", tarehe inaachwa, na altrasaundi inakuwa ya lazima.

La pili ni kondo. Neno "mapacha" peke yake halimwambii mkunga kitu cha kutosha. Wenye kondo lao kila mmoja ni mimba ya hatari. Wanaochangia kondo moja ni hatari zaidi, kwani mmoja anaweza kudumaa, na kwa kati ya 10 na 15 kwa kila mia damu huhamia upande mmoja. Hao hutakiwa kutazamwa kila wiki mbili kuanzia wiki ya 16. Na kondo linaonekana vizuri kabla ya wiki ya 14. Altrasaundi ikichelewa, mpimaji anabahatisha. Jinsia husaidia ikiwa tofauti tu: wa kiume na wa kike kwa kawaida kila mmoja ana lake. Wakiwa jinsia moja, haitoi jibu.

Aspirini ni swali gumu kidogo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 75 kwa siku, zianze kabla ya wiki ya 20, kwa wenye hatari kubwa ya presha ya mimba, na mimba ya mapacha imo kwenye orodha hiyo. Hatari yao ni mara mbili hadi tatu. Mama huyu alikuwa kliniki wiki ya 17. Wakati ulikuwepo, taarifa ndiyo haikuwepo. Kwenye kikao mwenzangu mmoja alisema hatuwezi kulaumiwa kwa tusichokijua. Sikukubaliana naye. Swali "kwenu kuna mapacha?" ni la bure, na jibu lake lingemsukuma mtu kuitafuta altrasaundi mapema.

Presha ya 132/86 kwa mama wa mapacha aliyeanza na 118/76, miguu imevimba, mkojo haujapimwa: kila kipande peke yake ni kidogo. Vikiwekwa pamoja, wiki mbili ni nyingi mno. Siku tatu, au apelekwe siku hiyohiyo kwenye kituo chenye fito.

Kilichofanya kazi hakikuwa cha gharama. Magnesiamu, deksamethasoni, kifua cha baba, maziwa kwenye kikombe. Na yule tabibu aliyeshangazwa na mkato wa kalamu. Nimewahi kufanya kazi na madaktari wa miaka ishirini ambao wasingeuona.

Baada ya kikao

Kwenye fomu yetu ya kuomba altrasaundi tumeongeza mstari mmoja: "Kama ni mapacha, kondo ngapi?" Kituo cha vipimo cha mtaani tulikipelekea nakala, mpimaji akapiga simu kuuliza namna ya kuutazama utando, sasa anaandika. Chumba cha upasuaji kimepata meza ya pili ya joto, ya kuazima kutoka wodi ya jirani, inarudishwa kila asubuhi. Orodha ya kuruhusu njiti sasa ina kisanduku cha macho.

Kliniki ile imeacha kukata tarehe. Fito za mkojo ziliisha tena mwezi uliofuata.